Kutu Kwenye Ulimi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesema kitu ambacho sikukisema.

Tulikuwa ofisini kwa wakili, chumba kile cha ghorofani chenye feni inayokoroma. Wakili upande wake wa meza, Mshonaji, mteja wake kiziwi, upande wa pili, mimi nimejibanza pembeni kama kawaida — mkalimani hakai, anajibanza. Wakili anamwandaa Mshonaji kwa kesi ya mtoto. Maswali mepesi tu, ya kumzoesha. Akauliza: Unamlea mtoto peke yako? Nikalitia swali mikononi. Mshonaji akanikodolea macho. Akapiga meza kwa kiganja, pa! Mikono yake ikauliza kwa ukali: nani kasema ovyo?

Ovyo! Mimi?

Ni ulimi. Ulichungulia pembeni mwa mdomo. Kwa viziwi wetu uso ni nusu ya maneno. Mkono ukisema "kulea" na ulimi ukachungulia hapohapo, basi ni kulea bila kujali, kulea bora liende. Nimemwuliza mama anayepigania mwanawe kama anamlea ovyo ovyo.

Nikaomba radhi. Nikamwambia mdomo umenikauka. Akacheka, akanipiga begani, akaniita kwa jina nililopewa na wenzake — Kishimo, kidole shavuni pale penye kishimo. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajawahi kunielewa vibaya.

Sikuuhisi ukitoka. Hilo ndilo linalonitisha. Sikuuhisi kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Kioo cha kabati. Nikiukodolea ulimi, unatulia, kama darasa mwalimu akiingia. Nikaacha kuukodolea. Nikaanza kutia taarifa ya habari ya redioni kwenye alama, hivi hivi, kwa mazoezi. Huo! Unatoka, unazunguka, unarudi. Unatoka tena. Kama mjusi kwenye ufa wa ukuta. Na vidole viwili vya mkono wa kushoto vinapiga kinanda hewani bila ruhusa yangu.

Nilimwuliza dada. Dada ni mwalimu wa darasa la pili, na huongea na kila mtu kama yuko darasa la pili, hata fundi bomba. Leo hakuongea hivyo. Aliweka kalamu nyekundu chini. Akasema ameuona tangu kabla ya mvua. Mwanzo alidhani nimeanza kutafuna chingamu.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Niliogopa utaacha dawa, mdogo wangu."

Kwa hiyo yeye alishajua ni dawa. Mimi ndiye wa mwisho kujua kinachotokea kinywani mwangu.

Jumatano, 5 Machi

Nitaandika hili hapa, maana mahali pengine popote siwezi. Kabla ya kile kidonge kulikuwa na Mtangazaji, sauti isiyo na mtu. Mimi ndiye niliyembatiza. Alitangaza kila nifanyalo, kama mpira wa miguu: anachukua kikombe, anakiweka, muone, hafai, watu wote wanajua hafai. Kidonge kilimzima. Si mara moja — alififia, kama redio unayoiacha nyuma ukitembea. Nikarudi kuwa mtu. Nikarudi kazini. Kazini hakuna anayejua, na wasijue!

Kwa hiyo sikichukii kile kidonge. Nakiogopa. Si kitu kimoja.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Benchi lilelile, tangazo lilelile la kunawa mikono. Daktari ni mpya, msichana, amevaa raba, anaandika huku akikutazama usoni. Dada aliingia nami.

Daktari alinitaka nitoe ulimi, nifumbe macho, nigonge vidole. Nilianza kuogopa pale alipokuwa mpole.

Akasema ndiyo, ni dawa. Nikauliza inafanyaje. Wengine wangenijibu "hiyo ni kawaida, mama". Yeye alivuta kiti. Akasema kuna mjumbe kichwani anaitwa dopamini. Dawa inamzibia mlango, ndiyo maana sauti zinakatika. Lakini ubongo ukiona mlango umezibwa, unatuma wajumbe wengine zaidi. Hao wakivunjwavunjwa, vinabaki vichembe vikali vinavyouma kila kilicho karibu. Mwili una askari wa kuvikamata. Askari wakizidiwa, seli zinaanza kuliwa. Wanaita mkazo wa oksidi.

"Kama chuma kinavyoota kutu?" nikauliza.

Akasema ni mfano mzuri, kama kutu.

Kutu! Baada ya hapo sikumsikia sawasawa. Aliendelea kusema, midomo ilikuwa inakwenda, nami nilikuwa natafuta alama ya kutu. Hatuna. Tunasema "chuma" halafu "kuoza".

Niliyoyashika: watafiti bado wanabishana, kutu huenda ni sababu moja kati ya nyingi. Wapo waliojaribu vitamini za kuipunguza, matokeo hayajasimama. Ipo dawa nyingine, tutahamia polepole, inataka kupimwa damu mara kwa mara, na wakati wa kuhama naweza kuyumba. Miadi Ijumaa tarehe ishirini na nane. Ulimi unaweza kutulia. Unaweza usitulie. Nisiguse dozi mpaka tuonane — hilo alilirudia, akamtazama dada.

Kesi ya Mshonaji ni tarehe ishirini na sita.

Ijumaa, 7 Machi

Kutu kila mahali. Bawaba ya choo cha mahakamani. Wembe bafuni. Springi ya kalamu. Nilikaa kwenye basi nikiishika taya yangu kwa kiganja kama mwenye jino bovu. Mama mmoja akanipa pole. Nikasema asante.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Mshonaji tufanye mazoezi. Chumba kimoja, safi, cherehani dirishani. Kitanda cha mtoto amekisukuma kikagusana na chake, na usiku hulala ameweka kiganja kwenye godoro la mwanawe. Mtoto akigeuka tu, mama yuko macho. Upande wa baba wanasema kiziwi hawezi kulea kwa sababu hamsikii mtoto akilia. Ningependa waje waone ule mkono.

Mtoto ana miaka minne, anasikia vizuri, na anaongea lugha zote mbili kama kasuku. Alikuwa ananieleza habari za paka. Paka anakula. Paka analala. Na kila alama, ulimi nje, pembeni, mara mbili.

Mama yake akamkanya. Mtoto akashangaa. Akasema kwa mikono: lakini Kishimo anaongea hivi.

Mshonaji alicheka mpaka akafuta machozi. Nami nilicheka. Nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikakaa pale na maji ya bomba yakitiririka. Mtoto amechukua lafudhi yangu. Ugonjwa wangu umekuwa lafudhi!

Na tarehe ishirini na sita, mbele ya hakimu, swali litatoka kwa wakili wa upande wa pili likiwa safi, litapita kwangu, litafika kwa mama likiwa na matope. Atajibu matope. Atajibu kwa hasira. Wataandika: mama ana hasira.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekikata kidonge. Kisu cha mkate. Nusu nimemeza, nusu nimeitupa kwenye sinki.

Ni nusu tu. Mpaka kesi iishe.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna kilichotokea! Kichwa chepesi, kama mtu aliyevua kofia ya chuma. Mikono inakwenda mbio. Leo polisi walinihitaji kwa mzee kiziwi aliyeibiwa, nikafanya kazi kama zamani, sikukosa neno. Yule mzee aliniambia mikono yangu imepata mafuta.

Ulimi bado. Labda unahitaji muda. Kutu haitoki siku moja.

Dada kauliza kama nimekunywa dawa. Nikasema nimekunywa. Si uongo. Ni nusu ya kweli — sawa na nusu ya kidonge.

Jumanne, 18 Machi

Ulimi umezidi. Umezidi! Sasa na midomo inabusu hewa. Niliukata mzizi nikitegemea tawi linyauke, kumbe ndiyo kwanza linachipua. Usingizi umekuwa mwepesi kama karatasi. Ninafikiria kuacha ile nusu iliyobaki. Ninafikiria kurudi kwenye kizima. Siwezi kuamua, na sina wa kumwuliza bila kujichoma mwenyewe.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi nilikuwa naosha vyombo. Nikamsikia dada chumbani kwake: anaosha sahani. Nikajibu, ndiyo dada, nakaribia kumaliza.

Dada alikuwa ameshaondoka kwenda shuleni. Viatu vyake havikuwepo mlangoni.

Nilizima bomba. Kimya. Jokofu linanguruma, hakuna kingine. Huenda ni jirani. Kuta zetu ni nyembamba, jirani ana redio.

Nimemeza kizima. Nikamwaga maji kifuani.

Jumamosi, 22 Machi

Dada amegundua. Ile nusu ya mwisho haikupita kwenye tundu la sinki, aliiona alipokuwa anasugua. Aliileta kwenye kiganja kama mtu aliyeokota jino.

Nilitegemea atapiga kelele. Alikaa chini. Akaanza kulia, yeye ambaye hakulia hata siku tulipomzika baba. Akasema ananikumbuka nikiwa nimesimama katikati ya barabara, nimevaa nguo ya ndani tu, nawaamuru madereva wazime redio. Akasema alinifunika kwa kanga yake na watu wanapiga picha kwa simu.

"Heri ulimi unaocheza, mdogo wangu, kuliko yule mtu aliyekuwa anakutukana."

Nikamwambia ile ni sumu, inanila, daktari mwenyewe kasema. Kutu!

Dada akafuta uso. Kisha sauti ya darasa la pili ikarudi, taratibu, neno kwa neno. Daktari alisema mambo mawili. Wewe umechukua moja. Alisema hata ugonjwa wenyewe, ukiachwa uchacharike, unaleta kutu hiyohiyo kichwani. Wapo waliopimwa hawajawahi kumeza kidonge hata kimoja na ikaonekana. Hukusikia?

Sikusikia. Mimi! Kazi yangu yote ni kutoacha nusu ya sentensi njiani.

"Sikio la kufa," akasema dada, na akanyamaza kabla ya kumaliza, maana halikuwa neno la kusema. Kisha tukacheka wote wawili, vibaya, kama watu wanaokohoa.

Kwa hiyo dawa inakula, na kukosa dawa kunakula. Nimeruka majivu nikakanyaga moto.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempigia daktari. Hakunigombeza. Ameniuliza kama nasikia kitu. Nikasema kidogo. Akauliza kidogo ni nini. Nikasema mara moja, labda mara mbili. (Ni zaidi. Jana Mtangazaji alitangaza nilivyofunga kiatu.) Ameniambia nibaki kwenye kizima, itachukua siku kadhaa kushika tena, nisubiri Ijumaa, na wiki hii nisifanye kazi.

Nikampigia wakili wetu. Nikasema naumwa, atafute mkalimani mwingine. Akashusha pumzi. Yule mwingine wa mahakama yuko masomoni. Lakini akasema tusihofu, upande wa baba wameshajitolea: wifi yake Mshonaji anajua alama, yuko tayari kusaidia.

Wifi! Yuleyule aliyemchukua mtoto kwa nguvu sokoni. Ndiye awe mdomo wa Mshonaji!

Nikamwambia nitakuja.

Akasema kesi hii ikiahirishwa mtoto anakwenda kwa bibi yake wa upande wa baba kusubiri, kwa hiyo Mungu anibariki. Alikata simu kabla sijamwambia naumwa nini. Na sijui kama ningemwambia.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwambia Mshonaji. Nimemwambia habari ya ulimi.

Alikuwa anapinda gauni la mtu. Akasimamisha cherehani. Nikamweleza yote: dawa, kutu, kwamba uso wangu unasema mambo yake wenyewe. Kwamba kesho asiuamini. Alitazama bila kupepesa. Kisha akauliza dawa ni ya nini. Nikasema ya kichwa. Akauliza kichwa gani, kinauma? Mikono yangu ikasimama hewani. Ilisimama tu. Nikasema: ndiyo, kinauma.

Yeye hasikii, wanasema hafai kulea. Mimi nasikia kupita kiasi. Wakijua, je? Mama kiziwi na mkalimani kichaa, kesi imekwisha kabla ya chai.

Alinishika kidevu, akanitazama ulimi kama mtu anayekagua mshono. Akasema: kesho nitasoma mikono. Uso nitauacha, nitafanya kama umevaa barakoa. Rahisi. Akarudi kwenye gauni lake.

Amenisamehe kosa dogo. Lile kubwa nimelipiga chenga. Uso wangu anaweza kuuacha. Masikio yangu ataachaje? Hana mengine.

Wakati natoka, Mtangazaji alisema: anatoka, mwongo. Wazi kabisa, karibu na sikio la kulia. Niligeuka. Ngazi tupu.

Jumatano, 26 Machi

Benchi la nje ya chumba cha mahakama. Naandika kwa sababu nikiacha nitakimbia.

Asubuhi ilianza vizuri. Mtoto yuko kwa jirani. Dada ameomba ruhusa shuleni, amenisindikiza mpaka getini. Nilisimama mahali pangu, hatua moja kutoka kwa hakimu, Mshonaji mbele yangu. Mwanzo ulikwenda. Jina, umri, kazi. Alisoma mikono yangu kama alivyoahidi, macho kifuani kwangu, hayapandi. Ulimi ulicheza utakavyo, haukumdhuru mtu. Alieleza vile anavyolala na kiganja kwenye godoro la mtoto. Nilitia sauti yangu kwenye maneno yake, na hakimu aliacha kuandika akasikiliza tu. Wifi mtu aliinamisha kichwa. Nikafikiri: tunashinda!

Kisha nikasikia: mama huyu hafai, mwana wake mwenyewe anamwogopa.

Sauti ya mwanamume, kavu, upande wa kulia. Upande wa wakili wao. Nikalitia mikononi. Ndiyo kazi, unasikia, unapeleka. Mshonaji alitoa ule ukelele wake ambao hajawahi kuusikia mwenyewe. Alisimama, kiti kikaanguka. Mikono yake: mwongo! nani! mwanangu hanio— ilikwenda mbio nisiweze kuifuata.

Nikamtazama wakili wao. Alikuwa anakunywa maji. Glasi mdomoni.

Chumba kizima kinanitazama mimi.

Hakimu akavua miwani. "Mkalimani, umemwambia nini? Hakuna aliyesema kitu."

"Mheshimiwa, naomba dakika chache."

"Nakuuliza, umemwambia nini?"

"Naomba dakika, Mheshimiwa. Nina jambo kuhusu tafsiri yangu. Kosa si la huyu mama. Naomba iandikwe hivyo, kosa si lake."

Akaniambia nitoke nijikusanye, nitaitwa, na nikiitwa nije na jibu. Wakili wao alikuwa anatabasamu huku akifuta mdomo. Sijui litakuwaje. Nikimwambia hakimu ukweli, huenda afute yote niliyotafsiri leo, hata ule mkono kwenye godoro. Au huenda aandike kosa ni langu, amwachie mama hasira yake ya haki. Nikinyamaza, itabaki kwamba kafanya fujo mahakamani bila sababu.

Mshonaji alinifuata nje. Nikamwambia. Yote sasa: Mtangazaji, nusu ya kidonge, sinki, ngazi. Kwamba yale maneno hayakutoka kwa mtu. Kwamba jana niliulizwa kichwa gani na nikadanganya. Nilitegemea anizabe kofi. Alikaa akitazama ukuta wa mbele, pale rangi ilipobanduka. Kisha akageuka. Akauliza: aliyesema hafai, alikuwa ananisema mimi au anakusema wewe?

Sikuwahi kulifikiri hilo.

Akaniambia niseme. Ukiingia, useme yote. Mimi nimezoea watu kusema sifai, akasema, lakini wasiseme kwa mikono yako.

Dada amepiga simu, sijapokea. Ulimi unazunguka kama unatafuta kitu kilichoanguka. Karani anayeita majina yuko ndani, mlango umerudishwa. Kwenye benchi hili tuko wengi: mzee na bahasha, mama na mtoto mchanga, askari anachezea simu.

Nimeitwa. Jina langu kamili, mara mbili.

Mzee hajainua kichwa. Mama hajainua. Askari bado na simu yake.

Nimemgusa Mshonaji. Nimemwuliza: nimeitwa? Nimejicheka mwenyewe, namwuliza kiziwi! Hakucheka. Ameinuka, amekwenda mlangoni, ameusukuma kwa kidole kidogo tu, anachungulia mdomo wa karani kama unaita jina. Mkono wake mmoja ameunyoosha nyuma kwangu, kiganja wazi. Ngoja.

Bado anatazama. Nami nautazama mkono wake.